Mama wa Msafiri

Tonton wangu, mjomba Mugisho,

Nakuandikia kwenye meza ileile ya mapokezi, ile uliyoiita kizuizi cha barabarani kwa sababu hakuna mwigizaji aliyeingia studio bila kupita kwangu. Ni mchana. Chini kule ziwa limetulia kama vile halijamfanya mtu lolote. Nimekaa nikiligeuzia mgongo, kama nifanyavyo tangu ulipopanda boti ya Minova, na wenzangu wanadhani nakimbia mwanga wa jua.

Barua hii wataisoma na wengine. Watu waliofuata hadithi zako kwenye televisheni yetu ndogo wananisimamisha njiani, hata kanisani wakati wa kupeana amani, wananiuliza kwa nini sehemu ya mwisho ilikwenda vile, kwa nini sauti yako haikusikika. Nawajibu nusunusu, natabasamu, naondoka. Unanijua. Nilisoma sheria hadi mwisho, nikatoka chuoni na shahada pamoja na woga, nikawa karani wa kupiga maandishi yako kwenye kompyuta. Napima kila neno kabla ya kulitoa, na siku hizi katika mji huu anayepima maneno hachekwi tena. Lakini wewe nataka nikuambie kila kitu kilivyokuwa, kwa sababu nina hofu kwamba bado hujaambiwa.

Unakumbuka katoni ya vitabu? Padri mzee alikuachia alipokuwa anahama parokia: riwaya za Kifaransa, majalada yameliwa na mchwa, zote za safari za kwenda kwenye nyota, za miji iliyo chini ya bahari, za mashine zinazofikiri. Waandishi wake walikufa kabla Koko, bibi yangu aliyekuzaa, hajazaliwa. Wewe ulikuwa mwalimu wa fizikia ambaye mshahara wake haukuwa unafika, na uliingia humu ndani na katoni hiyo kichwani kama mama anayetoka soko la Kadutu, ukaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wetu, ambaye sote tunamwita Chef, ukamwambia kwamba riwaya hizi zinaweza kuwa michezo ya televisheni, kwa Kiswahili chetu, na waigizaji wa hapahapa.

Chef alicheka mpaka akavua miwani. "Mugisho, roketi utaitoa wapi?"

"Chef, roketi ni mulango wenye kujifunga muzuri. Unipatie mulango tu."

Na mlango ulipatikana, ule wa chumba cha baridi cha bucheri iliyofungwa, karibu na bandari. Tulipaka rangi ya fedha trei za mayai, tukazibandika ukutani, na watu wazima wakaamini kwamba wako mbali na dunia. Mimi mwenyewe, niliyezinunua trei zile na bado zilikuwa zinanuka kuku, nilipoona picha zilizomalizika niliogopa kama vile sijawahi kuingia mle.

Kitabu kipya kilipofika zamu yake, ulinisomea kwa sauti nami nikaandika. Kila mara ulisimama mahali palepale, ukaweka kidole kwenye ukurasa, ukaniuliza: "Nsimire, mu hiki kitabu nani anapika?"

Nilitafuta. Hakuna aliyepika.

"Ona sasa. Batu wanasafiri miaka na miaka, wamebeba darubini, wamebeba bendera. Sufuria hakuna! Huyu mwandishi alikuwa na muke nyumbani wa kumupikia, njo maana alisahau." Kisha ulichukua kalamu ukaongeza jiko. Kila chombo chako cha angani kilikuwa na jiko, na mama mmoja anayelalamika kwamba chumvi imebaki duniani. Watazamaji walimpenda yule mama kuliko rubani. Baadaye uliona kasoro nyingine, kubwa zaidi, nayo ilikusumbua mpaka siku ulipoondoka: katika vitabu vile wasafiri hawana mama. Wana wachumba, wana maadui, wana maprofesa. Aliyewazaa hayumo.

Na kulikuwa na sheria yako nyingine, ile ya giza. Ulisema kitabu cha zamani kimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye taa na kiti, lakini televisheni ya Bukavu inaandikwa kwa ajili ya mji ambao nusu yake haina umeme. Siku mtaa wa Ibanda ukiwa na kurani, yaani umeme, Kasha iko gizani. Kasha ikipata, Kadutu inazimika. Kwa hiyo kila sehemu iliandikwa ili mtu aliyeitazama aweze kuisimulia kesho yake kwenye bomba la maji kwa yule aliyeikosa, bila kupoteza hata kipande. Kama hadithi haikuweza kubebwa mdomoni mpaka kilima kingine, uliitupa. Ukaweka mwanzoni mwa kila sehemu mama muuza sambaza, dagaa wa ziwani, aliyewasimulia wateja wake mambo ya juma lililopita. "Siye tunaandikia kwanza wale ba giza," ulisema. Uliwahi kunitaka mimi nicheze yule mama. Nilisimama mbele ya kamera, nikaomba kwenda chooni na sikurudi. Ulicheka, hukunilazimisha.

Riwaya ya mwisho kwenye katoni ndiyo iliyotufikisha hapa. Wale wasioijua hadithi waielewe hivi. Watu wa mji mmoja wanamtuma mmoja wao kwenye nyota ya mbali. Hatarudi, njia ni ndefu kuliko maisha. Anachoweza ni kutuma sauti yake, na sauti nayo inachukua miaka mingi kufika. Wakati mji unapoanza kumsikia akisema kwamba amefika salama, ameona mawe mekundu, ana njaa kidogo, yeye alishakufa zamani. Wanaomsikiliza wanajua. Wanakusanyika hata hivyo, wanamsikiliza mtu asiyekuwepo akiuliza habari zao.

Nilikwambia kwamba hadithi hii inanitia baridi. Wewe ulinipeleka dirishani. Ng'ambo ya ghuba, kwenye rasi, fundi alikuwa anapigilia mabati juu ya paa. Nyundo ilishuka, kimya. Ikainuka tena, ndipo mlio ukatufikia.

"Umeona? Sauti inatukuta mukono umesha kuondoka. Hakuna uchawi mule, Nsimire. Iko tu mbali."

Ukachukua wewe mwenyewe nafasi ya msafiri. Tulirekodi sauti yako kwenye kile chumba cha baridi, na kabla ya kila kipande uliuliza kwenye kinasa sauti, "Muko?" Sisi nje tulipaswa kuitikia kwa pamoja, "Tuko!" la sivyo hukuanza. Mwanzoni ilikuwa njia ya kujaribu waya. Halafu ukaiacha ndani ya hadithi yenyewe, na mji mzima ukaipokea. Watoto wa shule waliulizana "Muko?" kutoka kilima hadi kilima.

Sasa nifike kwenye siku ya matanga, ambayo ndiyo mzizi wa yote.

Kitabuni, mji unamuaga msafiri kwa hotuba na bendera. Wewe ulikataa. "Mutu anaenda bila kurudia, na hakuna matanga? Hawa ni batu ao ni mawe?" Ukaamua kwamba mji utamfanyia matanga siku anapoondoka, angali hai, kwa kuwa hakutakuwa na siku nyingine. Tulipiga picha zile kwa Koko, kule Kasha, uani. Turubai la bluu, viti vya kukodi, meza yenye kitambaa cheupe, picha yako ndani ya fremu na ua pembeni. Kwaya ya mtaa ilikuja kuigiza na ikaimba kweli. Wapita njia waliona turubai, wakavua kofia, wakaingia. Mama mmoja alileta makaa kama rambirambi. Wanaume wawili waliosoma na wewe walikaa chini wakalia, na fundi wetu wa sauti na kamera, Bienvenu, akanong'ona kwamba hajawahi kupata waigizaji wazuri namna ile.

Wewe ulikuwa nyuma ya jiko, unakula maharagwe, unangoja zamu yako.

Koko alikuwa ametoka misa. Tulimwambia tangu juma lililotangulia kwamba tutapiga filamu kwake. Yeye alielewa kwamba ni filamu ya harusi, kwa sababu kwake filamu ni ya harusi. Akapanda kilima taratibu na rozari yake, akaona turubai, akasikia kwaya, akafika kwenye meza, akaona picha ya mwanawe.

Bado nakisikia kile kilio. Ulitoka mbio nyuma ya jiko, sahani mkononi, maharagwe yakimwagika kwenye suruali. "Mama! Mama, ni mimi! Niko muzima, angalia, niko nakula!"

Alikushika uso kwa mikono miwili. Kisha akakupiga kofi, na watu wote wakaangua kicheko kile cha machozi, hata wewe, hata yeye mwishoni. Lakini alipokaa, alisema kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa karibu: "Umejililisha matanga na uko muzima. Siku ya kweli tutalia na nini?"

Bienvenu hakuwa amezima kamera. Kilio cha Koko kiliingia kwenye hadithi. Mji mzima ulikisikia. Ulisema kilio cha namna hiyo hakuna mwigizaji anayeweza kukitoa, na ni kweli, na sijui kama ulilala vizuri baada ya kusema hivyo.

Halafu ukaenda Minova. Ulitaka picha za ziwa asubuhi, wakati maji na mawingu hayatenganiki, upate anga la msafiri bila kutumia hata trei moja ya mayai. Sehemu ya mwisho ulikuwa hujaiandika. Nilikuuliza ukiwa mlangoni, begi la kamera begani, itaishaje.

"Nitamupatia mama," ulisema. "Huyu musafiri. Hawezi kuisha bila mama."

"Na mama yake atasema nini?"

"Njo hiyo naenda kufikiri ku maji."

Boti ilipatikana imepinduka. Waliokolewa wengine, wengine waliletwa ufukweni wamefunikwa vitenge. Wewe hukuwa kati ya hawa wala wale. Maman, mama yangu na dada yako, alikwenda na kurudi, akaenda tena, mpaka miguu ikavimba. Familia ilipokutana kwa Koko kupanga matanga bila mwili, Koko alituacha tuzungumze. Kisha akainuka, akazunguka nyumba, akaangalia nyuma ya jiko. Akarudi akakaa.

"Matanga ya Mugisho tulisha kuifanya," alisema. "Hapa hapa. Na alirudia, akakula maharagi. Munataka kumulilia mara mbili?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Jambo lingekuwa huzuni ya nyumbani tu, kama si kilima. Mvua za mwaka huu zimekula Kasha. Nyumba ya jirani, ile yenye mlango wa kijani, iliteremka bondeni yote pamoja na kuku wake. Bahati watu walikuwa shambani. Ukuta wa Koko ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, mkono unaingia. Maman alimtengea chumba kwake Ibanda, akamtumia watu wa kubeba kitanda. Koko aliwakalisha, akawapa chai, akawarudisha. "Mugisho akikuja akute nyumba tupu? Mimi sitoke." Kila mvua iliponyesha Maman alipiga simu, na kila simu ilipochelewa kupokelewa nilimwona anatafuta viatu vyake.

Katika siku hizo ndipo Chef aliniita ofisini. Watazamaji walikuwa wanataka mwisho wa hadithi. Alikuwa amesikia kuhusu programu inayojifunza sauti ya mtu: unailisha rekodi zake, halafu unaiandikia maneno yoyote, nayo inayasema kama yeye. Rekodi zako zote ninazo mimi, chini ya ufunguo wangu.

"Sikia, Nsimire. Mwenyewe angefurahi. Si alikuwa mutu wa sayansi? Kazi ya musafiri ni kusema akiwa alisha kufa. Sasa njo hivyo atasema."

Chef si mtu mbaya. Alikulilia wewe kwenye ofisi hiihii akiwa amefunga mlango. Nilimpa Bienvenu kipande kimoja cha majaribio, kwa sababu siwezi kumkatalia mtu mara ya kwanza. Bienvenu akaondoka nacho, akarudi kesho yake, akanivika visikilizio.

Ulisema: "Nimefika salama. Msinililie."

Ilikuwa wewe. Ulikuwa wewe hasa, Tonton, hata ule mkwaruzo wa asubuhi. Nilivua visikilizio nikavitazama kama vile vina joto la sikio lako.

Nilikosea nikamweleza Maman. Alipunguza moto kwenye mbabula, jiko lake la makaa, akaniuliza bila kunitazama, "Hiyo mashini inaweza sema kila kitu?"

"Kila kitu unachoiandikia."

"Basi imuambie Koko atoke mu ile nyumba. Tu hiyo, Nsimire. Imuambie: Mama, enda kwa dada, nitakukuta kule."

Naomba unielewe. Maman hakuwa anacheza. Alikuwa anaona kilima kinamwangukia mama yake. Nami nilirudi kazini, nikamwomba Bienvenu aandike maneno yale, ili angalau nijue yanasikikaje. Mashine iliyasema vizuri kabisa. Mama, toka ndani ya nyumba. Nenda kwa dada. Nitakukuta kule. Nilisikiliza, nikagundua kwamba kuna kitu hakimo. Haikuuliza "Muko?" Haikungoja sisi tuitikie. Ile sauti ilianza tu kusema, haikujali kama upande wa pili kuna mtu.

Nikaona yatakayofuata. Koko angetii, ndiyo. Angehama siku hiyohiyo, na ndoo yake na rozari yake. Halafu angeuliza, nawe utakuja lini? Tungelazimika kuiandikia mashine jibu. Na juma linalofuata jibu lingine. Tungekufufua kila Jumapili kwa zamu, Maman na mimi, mpaka siku Koko atakapokufa akikungoja kwenye mlango mpya badala ya ule wa zamani.

Nilimwambia Maman hapana. "Na mulima ikianguka?" aliniuliza. Tonton, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mvua ya jioni ile.

Asubuhi niliingia kwa Chef kabla hajaketi, maana angeketi nisingeweza. Nikamwambia sauti yako haitatumika. Nikamwambia tuna njia yako mwenyewe, ile ya mama muuza sambaza. Watu wa mji huu wamezoea kukosa sehemu nzima na kusimuliwa. Basi tufanye kama vile ujumbe wa mwisho ulifika siku ya giza, kila mtu akaukosa isipokuwa mmoja, na huyo mmoja anausimulia.

"Nani atasimulia? Yule maman aliyecheza muuza sambaza alisha kimbilia ng'ambo."

"Mimi."

"Wewe?" Aliangalia kama kuna mtu nyuma yangu. "Nsimire, wewe unaogopa hata simu ikilia."

"Ndiyo, Chef."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bon, sawa. Bienvenu, weka kiti."

Kuhusu kurekodi sina la kusifu. Mara mbili nilianza, mara mbili nikaomba tuanze upya. Nilieleza kwamba sauti ya msafiri imefika kwa mara ya mwisho, kwamba amewasalimu wote, kwamba maji ya kule hayana ladha na yule mama wa jikoni wa hadithi zako za kwanza alisema kweli kuhusu chumvi. Nilieleza kwamba alisema hatatuma tena, na kwamba tuache kungoja. Nilipofika kwenye mama yake nilikwama. Sikujua ulichofikiri kule majini. Niliruka.

Ilirushwa Jumamosi jioni. Maman alipiga simu mwishoni, analia na kucheka. "Umejikaza, mutoto wangu. Lakini Kasha hakuna kurani. Tangu saa kumi. Koko hakuona kitu."

Nilikaa kitandani nikajua kilichobaki. Wale wa giza kwanza. Ilikuwa sheria yako, si yangu.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nilipanda pikipiki hadi lami inapoishia, nikapanda matope yaliyobaki kwa miguu. Koko alikuwa mlangoni, anachagua maharagwe kwenye ungo. Ufa wa ukuta ulikuwa mpana kuliko nilivyousikia. Hakunisalimu kwanza. Alisogeza kigoda.

"Batu banasema ulionekana mu tele. Mimi niko gizani hapa. Unisimulie."

Nikamsimulia. Bila kamera sikuomba kuanza upya. Nilimweleza sauti ilivyofika, salamu, mawe mekundu, chumvi. Alicheka kwenye chumvi. Nilimweleza msafiri aliposema tusingoje tena.

Vidole vyake vilisimama kwenye ungo. "Na mama yake?"

Hapo ndipo pale niliporuka, Tonton. Kitabu hakina mama. Wewe hukuacha neno. Nikamtazama Koko, nikamtazama ufa, nikaendelea kama vile ninasoma.

"Mama yake alikuwa anabakia mu nyumba ya zamani, ju alisema mutoto akituma sauti, itakuja pale. Nyumba ikaanza kupasuka. Sauti ikafika, ikamuambia: Mama, sauti inafuataka mutu. Haifuatake nyumba."

"Akahama?"

"Akahama, Koko."

Alichagua maharagwe mengine machache, akatupa jiwe dogo. Kwenye kilima cha mbele mtu alikuwa anapasua kuni. Tuliona shoka likishuka, na mlio ukaja nyuma yake. Koko aliutazama mkono ule ukipanda na kushuka.

"Ile sauti," alisema, "mbele ya kufika, mwenye kusema alikuwa alisha kufa?"

"Alikuwa alisha kufa."

"Tangu zamani?"

"Tangu zamani, Koko."

"Tangu siku ya maji."

Aliweka ungo chini, akaniangalia kwa macho yake yenye ukungu, hata sikujua ananiona mimi au anakuona wewe.

"Wewe mutoto, umetembea yote ile mu matope juu ya kuniambia hivyo. Na uko mwoga." Akapapasa goti langu. "Mama yako alishindwa. Padri alishindwa. Wao banakuja na kusema, Mungu amemuchukua, Mungu amemuchukua. Hakuna hata mumoja aliniambia kama yeye mwenyewe alisema tusimungoje."

"Koko, mimi njo nilitunga..."

"Najua. Kwani mimi ni mutoto?" Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ungekuwa umekuja na sauti yake, ningekufukuza na fimbo. Ambia mama yako alete batu wa kubeba kitanda. Na turubai." Kisha akanyoosha kidole mbele ya pua yangu. "Lakini safari hii, hakuna kamera."

Tulifanya matanga yako uani kwa Maman, Ibanda. Turubai lilelile la bluu. Mwenye kulikodisha alilikumbuka, akakataa malipo. Hatukuweka picha. Koko alikaa katikati ya wanawake, na alipolia, sauti haikuwa ile ya siku ya filamu. Ilikuwa ndogo, imechoka, kama ya mtu anayeweka mzigo chini baada ya njia ndefu. Chef alikaa nyuma kabisa, simu yake imezimwa. Wanawake walipoanza kupakua maharagwe, nikaona kila mtu, Maman, Bienvenu, wanakwaya, hata padri, anageuza kichwa kidogo kuelekea nyuma ya jiko.

Hakuna aliyetoka.

Juma moja baadaye ukuta wa Kasha ulianguka. Ulianguka juu ya vumbi na kigoda. Koko alipoambiwa aliuliza tu kama jiko limebaki. Limebaki, Tonton, limesimama peke yake pale juu, na mimi sijathubutu kwenda kulitazama.

Nina jambo moja ambalo bado sijalimaliza. Yale maneno ya mashine, Mama, toka ndani ya nyumba, yamo kwenye simu yangu. Sijayafuta. Nikiyafuta nitahisi nimekusukuma majini, nikiyasikiliza nitahisi umetoka tena nyuma ya jiko. Kila asubuhi nayaona pale, yanangoja kidole changu. Hata sasa simu iko mezani, uso chini, karibu na mkono wangu.

Na chumba kile cha baridi wamekikodisha kwa muuza samaki. Jana nilipita. Mlango ulikuwa wazi, trei za mayai bado ziko ukutani, rangi ya fedha inabanduka. Nikasimama kizingitini. Ndani kulikuwa na ukimya ule ule uliokuwa unakuja kabla hujaanza, ukiwa umevuta pumzi, ukitungoja. Muuza samaki aliniuliza nataka nini. Nilimwambia sitaki kitu.

Lakini nilikuwa nimekusikia, au nilitaka kukusikia, kwa hiyo niliitikia kabla ya kuondoka, kwa sauti, mbele ya watu, mimi ambaye naogopa simu ikilia. Naitikia tena hapa, ili hata ikichukua miaka kufika, ifike.

Tuko, Tonton. Koko yuko kwa Maman, amekula. Sasa nenda, usitungoje.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako,
Nsimire